Nilivyoikalisha Chini Harusi ya Watu

Siku hizi nikifika Kinna napita njia ya nyuma ya maduka, ile inayopita karibu na mahali wanapochinjia mbuzi. Harufu yake siipendi, lakini ni afadhali harufu kuliko midomo ya watu. Nikithubutu kupita barabara kubwa, lazima atokee mtu mmoja kwenye benchi la mbele ya duka atoe ule mlio kooni, benchi zima lianguke kwa kicheko, na mimi nitabasamu kama mtu ambaye hajaelewa. Nimeelewa sana. Na kwa kuwa habari hii imeshafika mpaka Isiolo ikiwa imetiwa chumvi (eti ngamia walikuwa kumi, eti mbwa alikuwa na ukubwa wa punda), wacha niieleze mimi niliyekuwepo, maana aibu ni yangu na nina haki ya kuisimulia vizuri.

Asubuhi yenyewe niliondoka Isiolo bila mpango wowote. Niliamka tu, nikatazama kuta za chumba cha binamu yangu nikaona tumezoeana mno, nikachukua begi, blanketi na mbwa, nikaenda kusimama barabarani kuona ni gari gani litanisimamia. Mimi ndivyo nilivyo. Shule niliachia darasa la saba, si kwa ujinga (mwalimu mwenyewe alimwambia mama hivyo), ila kila nikikaa dawatini nilikuwa nasikia lori likipita nje na nashindwa kutulia bila kujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimeponda kokoto, nimefungua magurudumu kwa fundi, nimekanda unga wa chapati hotelini, nimechunga ngamia upande wa Leparua, na kila kazi nimeifanya mpaka nikaielewa, halafu nikaondoka.

Mbwa anaitwa Tajiri. Nilimwokota nyuma ya soko la mifugo akiwa mdogo, mbavu nje, sikio moja limesimama na lingine limelala, na jina hilo nilimpa ili kumtia moyo. Sasa, mahali fulani nilikuwa nimesikia kwamba mbwa anaweza kufundishwa kukaa chini kwa amri, unasema neno moja tu na yeye anakaa, na mimi nikishasikia jambo kama hilo sina usingizi mpaka nijue kama ni kweli. Nikaanza. Nikasema, "Kaa!" Tajiri akaangalia nyuma yake kuona nazungumza na nani. Nikasema, "Keti!" Akajikuna. Nikajaribu Kituruka, lugha ya mama yangu, nikajaribu na kile Kiingereza kidogo nilichotoka nacho darasa la saba, na jirani yetu akaegemea ukuta akaniambia, "Ekiru, mjaribu na Kimeru, labda alizaliwa Maua."

Nikaona pengine haelewi ninachotaka, nikaamua kumwonyesha. Nilikuwa nachukua kipande cha nyirinyiri (ile nyama ya kukaangwa mpaka inakauka, halafu inahifadhiwa kwenye mafuta), nakiinua juu, halafu nakaa mimi mwenyewe chini kwenye vumbi, matako kabisa, nikimtazama. Wanawake wa plotini, wapangaji wenzetu, wakawa wanatoka kuangalia mwanamume mzima akifundishwa kukaa na mbwa.

Siku moja ndipo nikamkumbuka Haji wa Leparua. Haji alikuwa na ngamia mmoja mrefu, jeuri, wa kutema mate, lakini Haji alikuwa anabana ulimi, anakwaruza koo kidogo, anatoa mlio mmoja, "Khhh-tu!" na lile dude zima linajikunja, magoti ya mbele, ya nyuma, mpaka linalala lipakiwe mzigo. Nikajiambia, kama mlio huu unakunja mnyama wa ukubwa ule, huyu wangu ni nani? Nikainua nyirinyiri, nikakaa chini, nikatoa mlio.

Tajiri akaanguka matako chini kama mtu aliyekatiwa kamba.

Nadhani mwanzoni alishtuka tu, lakini nilimpa nyama, akala, akanitazama kwa heshima mpya, na baada ya siku chache ilikuwa ni hivyo: Khhh-tu, chini. Jirani aliacha kucheka. Kama kuna aliyeniuliza, "Na ngamia wakisikia?" mimi sikumsikia. Mtaani kwetu kunapita mbuzi na bodaboda. Halafu mlio wenyewe nilidhani ni jambo la Haji na ngamia wake, siri yao wawili. Nani angejua kwamba ngamia wote wa nchi hii wamesoma shule moja?

Basi, barabarani ikasimama kanta, lori dogo, iliyokuwa inapeleka makreti matupu Rapsu kuchukua nyanya. Rapsu sikuwa nimewahi kufika, na hiyo ilinitosha. Nikapanda nyuma na Tajiri, tukakaa katikati ya makreti. Kule mbele, kando ya dereva, alikuwa amekaa mzee mmoja wa Kiborana mwenye kofia nyeupe na uso wa mtu ambaye ameamka na malalamiko. Tuliposimama Kulamawe kunywa chai, akashuka, akamtazama Tajiri, akanitazama mimi.

"Salaam aleikum, Abba," nikamwambia. (Mimi ni mtoto wa Isiolo, najua mzee wa Kiborana anaitwaje.)

"Aleikum salaam. Hii mbwa ni yako?"

"Ni yangu, Abba."

"Inafanya kazi gani?"

"Inasikia."

Akavuta kiti. Jina lake ni Abba Guyo, na shamba lake la nyanya liko Rapsu kando ya mfereji, na shida yake ilikuwa nyani. "Nyani angekula ashibe, ningesema ni mgeni," akaniambia. "Lakini anauma hii kidogo, anatupa. Anauma ile, anatupa. Kama mteja ana kiburi." Mlinzi wake alikuwa ameacha kazi akaenda zake, na kile kibanda chake cha kando ya mfereji, na kitanda chake cha kamba, vilikuwa vimekaa tupu. Sikio langu likasimama kama lile moja la Tajiri. Kitanda! Mahali pageni! Nyanya zinazoota kwenye nchi ambayo maisha yangu yote niliambiwa inaota miba tu!

"Tuchukue sisi, Abba. Mimi na huyu."

"Mbwa najua," akasema. "Mbwa ya yule mlinzi ilikuwa inafukuza nyani vizuri. Halafu inaingia jikoni inalamba sufuria. Mama watoto anaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo ni na mchanga. Kesho inalamba tena. Mara saba tena. Hiyo sufuria imeoshwa mpaka ikatoboka. Sasa mimi nikisikia mbwa imebweka, masikio yangu inasikia makelele ya mama watoto." Akaninyooshea kidole. "Nataka mbwa ukiiambia kaa hapo, inakaa hapo. Nyama ipite, maziwa ipite, yeye amekaa."

"Huyu atakaa."

"Utanionyesha Kinna, mbele ya watu. Ikikaa, kibanda ni yako. Isipokaa, barabara ya Isiolo unaijua."

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Ningetaka mjue hivyo, maana wengine wanasema nilitetemeka. Nilikunywa chai yangu yote na nikaomba ya pili.

Kinna tulishuka mimi, Tajiri na Abba Guyo, na kanta ikaendelea Rapsu kupakia. Mzee alibaki kwa sababu mtoto wa dada yake alikuwa anaoa siku hiyo, bibi harusi anatoka Kinna anapelekwa Rapsu, na yeye kama mjomba alitakiwa kuwasindikiza. Tukakaa kwenye benchi la mbele ya duka na wenzake, na hapo nikaelezwa yote. Vijana wa harusi walikuwa wametaka kukodi kanta ibebe nyumba ya bibi harusi, zile fito za kukunja na mikeka ambayo wanawake huisimamisha kwa mume, na shughuli iishe haraka. Lakini bibi wa huyo bibi harusi, Akko Talaso (akko ni bibi kwa Kiborana), akakataa katakata. Alisema nyumba yake ilikwenda kwa mume ikiwa juu ya ngamia, ya binti yake ilikwenda juu ya ngamia, na ya mjukuu wake itakwenda juu ya ngamia, itakuwa imesimama kabla ya magharibi, na mwenye neno aje amwambie yeye usoni. Hakuna aliyekwenda.

"Sasa vijana wanangoja tu ngamia wakwame njiani," akasema mzee mmoja, "ndio wamwambie Akko, tulisema."

Mimi nilisikia yote hayo. Nikatikisa kichwa, nikasema ni vizuri mila zihifadhiwe. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Neno ngamia lilipita sikio hili likatokea lile, na kichwa changu hakikuunganisha kitu na kitu.

"Haya," akasema Abba Guyo. "Mbwa."

Nikasimama, nikatoa nyirinyiri mfukoni, nikatoa mlio wangu kwa sauti ya kawaida. Tajiri chini. Benchi likasema, "Aaa!" Mzee mmoja akasema rudia, nikarudia, Tajiri chini. Wakaja wa duka la pili. Wakaja wa bodaboda. Mtu akasema, "Hiyo ni kwa sababu umeshika nyama, weka nyama mbali." Nikaweka mbali, akakaa. Mwingine akasema wao wa nyuma hawaoni. Na hapo ndipo nilipoamua lile jambo dogo, dogo sana, ambalo mtu yeyote angeamua: nikaona hapa mbele ya duka pamebana, wacha nitoke niende katikati ya barabara ambapo kila mtu ataona.

Nikatoka. Nikasimama nikilitazama benchi, mgongo wangu kwa barabara. Nilisikia wanawake wakiimba kwa mbali nyuma yangu, na nilichofikiria (nawaambia ukweli) ni kwamba watazamaji wanaongezeka. Nikamwacha Tajiri hatua kadhaa, nikainua kipande cha mwisho cha nyirinyiri kwa mkono wote, nikajaza kifua.

"Khhh-TU!"

Tajiri akakaa. Uzuri ulioje. Halafu nikasikia kishindo nyuma yangu, pu, halafu cha pili, halafu cha tatu, na vumbi likanipita miguuni kama upepo umefungua mlango. Nyimbo zikakatika. Watu wa benchi walikuwa wote wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama mbwa.

Nikageuka. Ngamia watatu walikuwa wamepiga magoti katikati ya barabara ya Kinna, wamepakiwa fito, mikeka, ngozi na vibuyu, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele alikuwa ananitazama huku akitafuna, kama askari anayengoja amri inayofuata. Nyuma yao, wanawake wamevaa rangi zote, na bibi harusi katikati yao amefunikwa shuka jeupe, shuka lenyewe likitikisika, nami mpaka leo sijui kama ilikuwa kilio au kicheko.

Mwenye ngamia, jamaa mmoja mwembamba anayeitwa Galgalo, alitoka mbele na fimbo. "Nani amelalisha ngamia yangu?"

Umati wote ulinigeukia kwa upole, kama maua yanavyogeukia jua.

"Nilikuwa naambia mbwa," nikasema.

"Mbwa?"

"Akae."

"Unaambia mbwa na maneno ya ngamia?" Akanielekezea fimbo. "Na ngamia ukitaka ikae, unaiambia nini? Miau?"

Wakaanza kuwasimamisha, na kama hujawahi kuona, ngamia aliyepakiwa hasimami kwa kuombwa. Mmoja anavuta kamba, wawili wanainua mkia, wengine wanashikilia mzigo usiende upande, na ngamia mwenyewe analalamika kwa sauti ya mtu anayenyang'anywa shamba. Vijana wa harusi walikuwa wameshatoa simu, wengine wanapiga picha, mmoja anauliza kwa sauti ya kutosha kama kanta iliyokwenda Rapsu imefika mbali. "Hakuna kanta!" ikasema sauti nyuma, na watu wakapisha, na hapo nikamwona Akko Talaso mwenyewe, mfupi, mkavu, macho kama ya mwewe.

Ngamia wa kwanza akasimama. Wa pili akasimama. Wa tatu aliposimama mzigo ukaegemea, kamba moja ikaachia, na kitu kikateleza kikatua barabarani kimesimama wima, kifuniko chake kichwani, wala hakikufunguka. Ilikuwa gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi, na Akko alikuwa ameisuka na kuifukiza moshi na kuipaka samli kwa mikono yake, ndiyo itakayotiwa maziwa ya kwanza ya nyumba mpya.

Samli. Mafuta. Tajiri, ambaye maisha yake yote ya elimu amelipwa kwa nyama ya mafuta, aliinua pua. Akaitazama gorfa. Akainuka.

"Sare! Sare!" Akko akapiga kelele, yaani mbwa, mbwa. "Gorfa!"

Sasa eleweni. Sufuria inaoshwa mara saba. Chombo cha kusukwa, kilichonywa moshi na samli miezi, ukikisugua na mchanga umekiua. Na hakuna mtu pale angemshika mbwa, wala kuiwahi gorfa mbele yake, maana pua ile mbichi ni najisi, na wote wamevaa nguo safi za harusi na za sala. Kulikuwa na mimi tu. Na mimi nilikuwa na neno moja tu duniani ambalo Tajiri analijua.

Nikalisema.

Tajiri akakaa. Pu. Pu. Pu. Galgalo alikuwa bado ameinua mkia wa yule wa tatu, na ngamia aliposhuka alikwenda naye, nikaona miguu yake ikipotea ndani ya vumbi. Kutoka upande wa simu kukapigwa kelele kama mpira umeingia golini. "Ita kanta!" wakaimba vijana. "Kanta! Kanta!" Akko akawageukia, wakanyamaza, lakini walinyamaza wakitabasamu, na niliona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama peke yake kwa jambo lake mbele ya familia nzima, na sasa jambo lenyewe limelala barabarani linatafuna. Hapo kidogo nilisikia vibaya. Mpaka wakati huo nilikuwa najionea huruma mimi.

Wakaanza tena, vuta, inua, sukuma. Na mimi nikapeleka mkono mfukoni kumlipa Tajiri ili aendelee kukaa, nikakuta mfuko mtupu. Kile kipande cha mwisho kilikuwa kimeniponyoka vumbini ngamia walipoanguka. Nyingine zote nilikuwa nimezitumia kwa majivuno, rudia, rudia tena. Tajiri akaona mkono mtupu. Akanihurumia kwa macho, akageuka, akaanza kwenda kwenye gorfa akitambaa kwa tumbo, polepole, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa.

Nikafungua mdomo.

"Jaribu," akasema Galgalo, fimbo juu, nywele zake nyeupe kwa vumbi. "Jaribu tu utoe hiyo sauti, uone."

"Nyamaza wewe!" akanikemea Akko.

Nikamtazama Abba Guyo aniokoe. Alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi na anasoma bango la duka, ambalo lilikuwa la sabuni.

Nikasema nimkimbilie, lakini namjua Tajiri, ukimkimbilia anajua ni mchezo, ataruka juu ya gorfa na kuizunguka, na akiizunguka atailamba. Pua yake ilikuwa imebakiza kiganja kimoja. Nikaangalia chini. Pale nilipokuwa nimesimama, ngamia mmoja alikuwa ameacha kila kitu ambacho ngamia huacha akiwa na hofu. Suruali yangu ilikuwa ile nzuri, ndiyo peke yake niliyokuwa nayo ya kuombea kazi.

Nikakaa chini.

Nilikaa kama nilivyokuwa nakaa kule nyumbani wakati wa masomo, matako kabisa, miguu mbele, katikati ya barabara, mbele ya harusi, bodaboda, benchi na simu zote, nikainua mkono mtupu juu ya kichwa, nikafunga mdomo, nikamtazama mbwa.

Tajiri akageuza kichwa. Akaniona nimekaa. Akaitazama gorfa, akanitazama mimi, na naapa nilimwona akifikiri. Halafu akaja, mkia chini, akakaa kando yangu kwenye uchafu uleule, tukawa tumekaa wawili tunawatazama watu.

Aliyeanza ni bibi harusi. Kumbe ilikuwa kicheko. Kilitoka ndani ya lile shuka chembamba, akajaribu kukizuia, kikamshinda, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Watu walishikana. Mzee mmoja wa benchi alikaa chini pia, si kwa kunicheka, miguu ilimwishia. Mimi nilibaki nimekaa, maana kusimama kungeonyesha upande wa nyuma.

Akko Talaso hakucheka. Aliinama akaichukua gorfa, akaizungusha, akainusa kifuniko, akapitisha kidole kila mahali. "Haijaguswa," akasema. Halafu akanijia.

"Simama."

Nikasimama. Kicheko kikaanza upya upande wa nyuma.

"Jina?"

"Ekiru, Akko."

Ngamia wawili walikuwa wameshasimama. Wa tatu alikuwa amekataa. Galgalo alivuta, aliimba, alitukana, na ngamia akafumba macho kama mtu aliyestaafu. Wakamshusha mzigo wote, ndipo akakubali kuinuka, lakini kila fito ikirudi mgongoni anakunja goti. Vijana wakatazamana. Mmoja alikuwa na simu sikioni. "Akko, hata nusu saa kanta itakuwa hapa..."

"Hakuna kanta," akasema Akko bila kuniondolea macho. "Huyu ameondoa ngamia mmoja. Huyu ni ngamia mmoja. Geuka."

Nikageuka. Wakanifunga zile fito mgongoni, fungu zima, na kamba ikapita kifuani, na mikeka ikagawanywa kwa vijana wa kanta, ambao ghafla hawakuwa na simu mkononi. Tukatoka Kinna hivyo, wanawake wakiimba, ngamia wawili, mimi wa tatu, yule mvivu nyuma akitembea mikono mitupu kama bosi, na Tajiri akinifuata mguuni. Baada ya muda binti mmoja alikuja akaniuliza jina langu tena, nikafurahi kidogo, nikadhani ni mambo mengine. Alirudi nyuma na nikasikia jina likiingia kwenye wimbo. Kiborana changu si kikubwa lakini neno gaala nalijua, ni ngamia, na lilikuwa linakuja baada ya Ekiru kila mara.

Abba Guyo alitembea mbele njia yote na hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa nahesabu fito zilizonichoma na kujiambia kibanda kimekwenda, kitanda kimekwenda, nitawafikishia mzigo nirudi barabarani nione gari gani litanisimamia. Si jambo geni kwangu. Ila mara hii, sijui kwa nini, nilikuwa nimekitamani kile kitanda.

Rapsu ilitokea ghafla, kijani baada ya vumbi lote lile, maji yanatembea kwenye mfereji kama yanajua yanakokwenda, na harufu ya majani ya nyanya. Wanawake walizitoa fito mgongoni mwangu kabla sijavuta pumzi, wakazichimbia, wakazikunja, wakafunga, mikono mingi inapishana, na mkeka wa mwisho ulifungwa adhana ya magharibi ikianza. Akko Talaso alisimama mbali akaitazama ile nyumba ya mviringo. Halafu akamimina chai ya maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha bati, akaniletea yeye mwenyewe, akakiweka chini, si mkononi, kwa sababu ya mbwa.

"Ngamia akifika anakunywa," akasema. Na mdomo wake ukapinda kidogo pembeni.

Baada ya sala Abba Guyo alinijia. Nikaanza, "Abba, mimi nitaondoka asubuhi..."

"Nilisema mbwa ikikaa mbele ya watu," akanikata. "Imekaa?"

"Imekaa."

"Kando ya samli, imekaa?"

"Imekaa, Abba."

"Mbwa sina shida nayo." Akaanza kutembea kando ya mfereji, nami nikamfuata. "Sasa tutafute mtu wa kukufundisha wewe."

Kibanda kilikuwa cha udongo, mlango wa bati, kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia begi. Kupitia dirishani niliona nyanya zimejipanga mpaka kwenye miti ambako nyani walikuwa wanalalia. Mbwa alale nje, akasema mzee, na jikoni kwake asikaribie, na ule mlio usisikike tena Rapsu. Nikamwapia. Nilimwapia kwa moyo wote, na bado naapa: kabla ya kumfundisha kiumbe yeyote neno, nitauliza kwanza ni nani mwingine anayelijua. Kuanzia kesho Tajiri angekaa kwa mkono ulioinuliwa, kimya kimya, kama watu waliostaarabika.

Mzee akaenda harusini. Nikakaa kitandani, kitanda changu, nikanyoosha miguu. Tajiri alikuwa amesimama nje ya mlango akinusa mahali papya. Kwa mbali wanawake walikuwa wameanza kuimba tena ndani ya nyumba ya fito zangu. Vumbi la siku nzima lilikuwa limenikaa kooni, nikabana ulimi, nikakwaruza kidogo kulitoa.

Tajiri akakaa.

Na kule ng'ambo ya mfereji, kwenye nyumba ya harusi, nikasikia pu. Halafu pu. Halafu, baada ya muda, kwa uvivu, pu.

"EKIRUUU!" ikaja sauti ya Akko Talaso.

Nikavuta blanketi mpaka mdomoni. Siku hizi nakohoa humo.